"Wifi Yetu Bado Yuko Karantini"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, ninaishi Uyole, Mbeya, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Mwaka 2020 ulinikuta Johannesburg, nilikokuwa nikisuka nywele na kuuza vitenge. Afrika Kusini ilipopiga marufuku watu kutoka nje ya nyumba zao kuanzia tarehe 27 Machi, nilibaki peke yangu katika chumba nilichokuwa nimepanga na mwenzangu, kwa kuwa yeye alikuwa ametangulia kurudi nyumbani. Nilikuwa nikitoka kununua unga na mboga tu. Humo ndani nilijifunza mambo ambayo sikuwahi kuwa nayo: kuandika kwenye daftari kila shilingi ninayotumia, kuamka saa kumi na moja na kunywa chai kimya kabla ya kugusa kazi yoyote, kumpigia mama simu kila Jumapili saa kumi jioni, na, walipoturuhusu kufanya mazoezi kuanzia tarehe 1 Mei, kutembea kwa miguu asubuhi na mapema. Nilijifunza pia kuridhika na kuwa peke yangu. Baba alifariki mwezi huo wa Mei, akazikwa nyumbani Rungwe. Mume wangu alikwenda na watoto, mimi nikafuatilia kwa simu ya mdogo wangu mpaka bando lilipomwishia. Mipaka ilipofunguliwa mwezi Oktoba nikapanda basi nikarudi.

Tabia hizi zimenifaa sana, Shangazi, lakini zinanigombanisha na watu. Mume wangu anasema daftari langu limekuwa polisi wa nyumba na kwamba asubuhi ninamnunia. Kubwa zaidi ni misiba. Ninakwenda, ninatoa rambirambi, ninawapa pole wafiwa, kisha ninarudi kwangu; siingii jikoni wala silali matangani. Juzi wifi yangu alisema mbele ya wanawake wenzake: "Korona imeisha, lakini wifi yetu bado yuko karantini." Walicheka wote. Je, niache haya yote niwe kama zamani, au nishikilie ninachoamini kuwa kimenijenga?

Mwenye Daftari, Uyole

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kicheko kile, maana kuchekwa na wanawake wa mtaa mmoja huumiza kuliko kugombezwa.

Nianze na jambo ambalo huenda hujalipa uzito. Wewe umetoka katika kitu ambacho watu wa Uyole hawakukiona. Hapa kwetu hatukufungiwa ndani. Masoko yalikuwa wazi, makanisa na misikiti ilikuwa wazi, na Mwanjelwa watu walisukumana kama kawaida, ila mlangoni mwa kila duka palikuwa na ndoo ya maji tiririka na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba ili kisiibiwe. Tulisalimiana kwa kugonganisha miguu, tukajifukiza kwa majani ya mkaratusi na mchaichai mpaka macho yakawa mekundu, lakini hakuna aliyekaa wiki tano akitazama ukuta. Kwa hiyo unapoamka na kikombe chako na ukimya wako, mwenzako haoni mtu aliyejifunza kuishi na nafsi yake katika chumba kimoja cha ugenini. Anaona mke aliyekwenda kutafuta maisha akarudi na maringo. Je, umewahi kumsimulia siku yako moja tu ya kule, tangu kulipokucha mpaka ukalala? Barua yako inanipa hisia kwamba umempa matokeo bila kumpa habari yenyewe.

Na yeye pia alikuwa na shule yake. Shule za msingi na sekondari zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Hizo ni zaidi ya siku mia moja ambazo baba mmoja wa Uyole aliamka na watoto wawili ndani ya nyumba, mama yao yuko ng'ambo ya mipaka mitatu, bila kujua atarudi lini. Nani alipika? Nani aliwasuka nywele, kama wana nywele za kusuka? Nani aliketi nao usiku yule mdogo alipomlilia mama? Umeniorodheshea ulichojifunza wewe, na hukuandika hata neno moja la alichojifunza yeye. Simaanishi kukulaumu. Ninachoona ni kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna madaftari mawili, na ni moja tu linaloandikwa.

Hilo la daftari tulimalize. Usiliache. Ila kumbuka kwamba daftari la Johannesburg lilikuwa la mtu mmoja, mwenye fedha ndiye mwandishi na ndiye msomaji. La Uyole ni la watu wawili, na mmoja wao hajawahi kuombwa kalamu. Bila shaka umo kwenye kikoba, kama wanawake wengi wa Mbeya. Kule kitabu huandikwa mpaka hisa ya mwisho, na hakuna anayekasirika, kwa sababu husomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote na kila mtu husikia jina lake na la jirani yake. Lako, ninavyohisi, hukaa kabatini chini ya kanga, na mumeo hukutana nalo siku unapomuuliza ile elfu tano ya Jumamosi ilikwenda wapi. Lileteni mezani siku moja ya juma, mliandike pamoja, na mtenge fedha ya mfukoni ya kila mmoja ambayo haitaandikwa. Mtu mzima akinywa soda na rafiki yake pale Kabwe, soda hiyo isiwe na mstari wake.

Chai yako ya saa kumi na moja ninaitetea kwa nguvu zangu zote, kwa sababu mwanamke mwenye nusu saa yake kabla ya nyumba kuamka huwa na subira mpaka jioni, hasa Julai pale Uyole, baridi inapoteremka kutoka milimani na kikombe cha moto kinakuwa rafiki pekee mwenye huruma. Lakini sisi ni watu wa kusalimiana. Wewe ni wa Rungwe, unajua kwamba kulipokucha mtu akakupita bila "ugonile" hukaa ukijiuliza umemkosea nini. Mumeo anapotoka chumbani akakukuta umeketi kwenye kizingiti cha jiko, msalimie kwanza, kwa sauti ya mtu anayefurahi kumwona, ndipo urudi kwenye ukimya wako. Salamu haimalizi hata nusu dakika. Nadhani huko kununa anakolalamikia kutapungua sana kwa hilo peke yake.

Kutembea endelea nako, ingawa nimecheka kidogo. Mwanamke anayetembea alfajiri bila jembe, bila ndoo na bila kikapu huwapa watu kazi ya kufikiri. Beba chombo, urudi na maziwa.

Sasa nije kwenye misiba, ambako ndiko ninakotaka tukae.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Daftari, chai, matembezi na simu ya Jumapili umevieleza kwa saa na tarehe, kama mtu anayejua thamani ya alichonacho. Kifo cha baba yako umekipitisha katika sentensi mbili, na ya pili imeishia kwenye bando. Kisha umesonga mbele ukapanda basi. Hukuniambia kwamba uliporudi ulikwenda kaburini. Huenda ulikwenda, lakini mtu aliyeandika saa anayompigia mama yake simu asingesahau kuandika hilo. Nikatazama pia kwamba mama yako yuko Rungwe, safari ya asubuhi moja kwa Costa kutoka hapo Uyole, na bado unampigia simu Jumapili saa kumi kana kwamba uko Johannesburg. Simu hiyo nzuri usiiache. Ila nauliza kama haikusaidii pia kutofika kwenye uwanja ule ambao baba alizikwa bila wewe.

Ndiyo maana siamini kwamba kutolala matangani ni tabia uliyojifunza kama ulivyojifunza kuandika matumizi. Ni kweli kwamba kule ulikokuwa mazishi yalikuwa na kikomo cha watu 50 na mikesha ilipigwa marufuku, na mtu akiishi miezi katika utaratibu huo anaweza kuona misiba yetu ya siku nyingi, na masufuria yake, na nyimbo zake za usiku kucha, kuwa ni mzigo. Wako wanaoamini hivyo kwa dhati, na sina ugomvi nao. Hata hapa mjini wanawake wengi wenye kazi na watoto wa shule siku hizi hawalali msibani, na hakuna anayewaita karantini. Tofauti ni kwamba wao huingia jikoni saa moja, wakamenya ndizi, wakacheka na kulia na wenzao, ndipo wakaaga. Wewe unaliepuka jiko lenyewe. Unatoa rambirambi kama mtu anayelipia umeme, unageuka.

Ninalijua jiko hilo. Mama yangu alipofariki, nilikaa karibu mwaka mzima nikitafuta visingizio vya kutokwenda nyuma ya nyumba za wafiwa, kule wanawake wanakopika. Niliwaambia watu kwamba moshi unanidhuru kifua. Ukweli ni kwamba harufu ya makande katika sufuria kubwa ilinirudisha siku ile, na niliogopa kwamba nikianza kulia kwa msiba wa mtu mwingine sitaweza kunyamaza. Mimi nilimzika mama yangu kwa mikono yangu na bado iliniwia vigumu. Wewe ulikatiwa picha kabla udongo haujashuka.

Na kama kuna sauti ndani yako inayosema ungejitahidi zaidi ungefika, naomba uijibu kwa mambo yalivyokuwa. Afrika Kusini ilikuwa imefunga mipaka yake kwa wasafiri. Ndege za abiria za kimataifa nchini kwetu zilisitishwa tarehe 12 Aprili na hazikuruhusiwa tena mpaka tarehe 18 Mei. Mwezi huo huo wa Mei Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na malori yakapanga foleni Tunduma huku madereva wakilala chini ya matela. Hapakuwa na njia, mwanangu, hata kwa mwenye fedha.

Ninachokuomba ni hiki. Chagua siku ya kawaida, isiwe Krismasi wala Pasaka wakati ndugu wote wanapojaa na kila mtu ana habari yake, uende Rungwe. Mwambie mama mapema kwamba safari hii unakwenda kwenye kaburi la baba. Mwite na mdogo wako, yule aliyeshika simu, na mkifika kaburini mwombe akusimulie kuanzia pale bando lilipokata: nani alitupa udongo wa kwanza, wimbo gani uliimbwa, kama kulikuwa na mvua, mama alishikwa na nani. Usimharakishe. Inawezekana naye amekaa miaka yote hii akijilaumu kwa kutoongeza bando.

Mumeo pia umchukue. Alisimama kwenye kaburi lile kama mkwe na kama wewe, akiwa na watoto wenu mkononi, na sina hakika kama aliwahi kuulizwa habari ya siku hiyo. Mwambie "ndaga", yaani asante, kwa hilo, kwa lugha ya kwenu, hata kama yeye si wa kwenu. Nadhani mazungumzo ya daftari yatakuwa mepesi zaidi baada ya safari hiyo kuliko kabla yake, kwa hiyo yaache yasubiri.

Ukirudi Uyole, msiba wa kwanza utakaotokea nenda na wifi yako. Mfuate wewe nyumbani kwake, mtoke pamoja, na umwambie wazi kwamba utakaa jikoni saa moja na kwamba unaweza kulia. Maneno yake yalikuwa makali, lakini mtu asiyekutaka asingehesabu siku usizokuwapo. Hulazimiki kulala. Ukitaka kulala siku moja, utalala. Na kama baada ya haya yote usingizi unakukimbia au machozi hayakauki, zungumza na mshauri nasaha hospitalini, au na mzee wa kanisa unayemwamini. Hilo nalo halina aibu.

Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi Tukuyu, huko Rungwe, iandike kwenye daftari, mezani, kalamu akiwa nayo yeye. Kisha uniandikie alichokueleza mdogo wako. Nimebaki na hamu ya kujua wimbo ulikuwa upi.

Shangazi yako