Kompyuta Moja, Anwani Mbili

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza mitandao ya kompyuta hapa Kirumba, Mwanza. Ikiwa kila kompyuta ina anwani ya IP, kwa nini ihitaji pia anwani ya MAC? Mwalimu ameeleza mara mbili, na bado sijaelewa.

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako ni la msingi, na ningependa ulielewe barabara kabla ya kuendelea na somo jingine. Chukua mzigo unaotoka Kirumba kwenda Bukoba. Jina la mpokeaji lililoandikwa juu yake halibadiliki safari nzima, lakini anayekabidhiwa mzigo hubadilika: kwanza dereva wa bodaboda hadi bandarini, kisha meli inayovuka Ziwa Victoria, na mwishowe mchukuzi wa Bukoba. Anwani ya IP humtaja mpokeaji wa mwisho. Anwani ya MAC humtaja anayepokea katika hatua hiyo moja tu.

Kwa hiyo pakiti (kipande cha data) inayokwenda kwenye seva ya mbali hubeba IP ya seva hiyo, ila MAC inayoandikwa kwenye bahasha yake ya nje ni ya ruta yenu, yaani kifaa kinachounganisha mtandao wenu na mitandao mingine; ruta huivua pakiti bahasha hiyo na kuivisha nyingine kwa ajili ya hatua inayofuata. (Ruta za nyumbani hubadilisha pia IP ya mtumaji, lakini hilo liache kwanza.) Kompyuta huifahamu MAC ya ruta kwa kuviuliza vifaa vyote vya mtandao wa ndani, “Nani mwenye IP hii?”, kwa utaratibu uitwao ARP. Katika Windows, fungua dirisha la amri, andika arp -a, nawe utayaona majibu iliyoyahifadhi.