Kwa nini wengi hawana habari na ndoto za kujitambua?

SWALI: Shikamooni. Nimeshaota mara mbili huku nikijua kabisa kwamba naota. Kwangu lilikuwa jambo kubwa. Lakini kila ninayemsimulia ananisikiliza kwa adabu, kisha anageuza mazungumzo. Mke wangu kanijibu, "Mimi nikilala nataka kulala tu." Mbona jambo zito hivi haliwavutii watu?
*Msomaji mwenye hamu*

JIBU: Marahaba. Mkeo ameshakupa nusu ya jibu, na tusimpuuze. Malipo ya ndoto hizi hutolewa kwa usingizi, na hutolewa kwanza. Njia zinazofanya kazi vizuri zinadai mtu aamke usiku wa manane, wakati usingizi umemkolea, akae macho, kisha alale tena. Kwa mtu aliyechoka, kuambiwa aikate saa yake tamu ya kulala ili aone kitu ambacho huenda kisije ni sawa na kuombwa mkopo na mtu asiyemfahamu.

Nusu ya pili ni kumbukumbu. Ndoto nyingi zilizo wazi huja katika usingizi wa REM, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope. Katika usingizi huo kemikali ya noradrenalini, inayousaidia ubongo kuyakamata matukio, huwa imeshuka sana. Ndiyo maana mtu anaweza kuota karibu saa mbili kwa usiku mmoja na asubuhi akaapa kwamba hakuota chochote. Mtu wa namna hiyo ukimwambia aziongoze ndoto zake, anakuona unamgawia shamba asilolijua liliko.

Usidhani kwamba wote hawajawahi kuonja. Uchambuzi uliounganisha tafiti za miaka 50, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba takriban asilimia 55 ya watu wamewahi kuota ndoto ya kujitambua angalau mara moja maishani, na asilimia 23 huipata mara moja kwa mwezi au zaidi. Kwa hiyo katika hao wanaogeuza mazungumzo, wamo waliokwisha kufika huko wakarudi. Kwa baadhi yao mlango ulikuwa ndoto ya kutisha: mtu anafukuzwa, anashtukia "aa, hii ni ndoto," anajilazimisha kuamka, basi. Aliitumia kama njia ya kutokea, hakuona sababu ya kubaki ndani.

Tunaongeza lawama moja, na hii si ya wasikilizaji wako. Wanaoinadi elimu hii huahidi kuruka angani usiku wa kwanza. Anayejaribu siku nne bila kitu anajiona ametapeliwa, na ana haki. Ukitaka watu wakusikilize, waambie ukweli kwamba huchukua wiki kadhaa, na kwamba ndoto yenyewe inaweza kwisha ndani ya dakika moja.

SWALI: Mume wangu anasema haiwezekani mtu awe amelala na anajua amelala, ama yuko macho, ama anadanganya. Nimjibu nini?
*Mama wa watatu*

JIBU: Hoja ya mumeo ni nzito kiasi kwamba iliwasumbua wanasayansi kwa miaka mingi. Ilijibiwa kwa macho. Katika usingizi wa REM misuli ya mwili hulegezwa hadi mtu hawezi kuitumia, isipokuwa ile ya kupumua na ya macho. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, Keith Hearne alikubaliana na mwotaji aitwaye Alan Worsley kwamba akijitambua ndotoni azungushe macho kushoto na kulia kwa mpangilio waliopanga. Mashine zikaonyesha ishara hizo huku zikithibitisha kwamba amelala. Stephen LaBerge wa Stanford naye alifikia matokeo ya aina hiyo Marekani, bila kutegemea kazi ya Hearne. Na mwaka 2021 ilichapishwa kazi ya maabara za nchi 4 ambamo waotaji waliulizwa hesabu ndogondogo wakiwa usingizini, na baadhi yao wakajibu sawasawa kwa macho.

SWALI: Wiki ya tatu sasa. Kila usiku kabla ya kulala narudia "leo nitajua naota" mara hamsini. Sijapata kitu ila uchovu. Nakosea wapi?
*Aliyekaribia kukata tamaa*

JIBU: Mahali pawili: saa unayofanya, na namna unavyoyasema maneno yenyewe.

Tuanze na saa. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Mzunguko wa kwanza una REM ya dakika chache tu. Ya kuelekea alfajiri hurefuka, inaweza kufika nusu saa na zaidi. Wewe unapanda mbegu saa nne usiku, mvua inakuja saa kumi. Katikati umelala usingizi mzito uliofuta kila kitu.

Acha kabisa kurudia maneno kwa wiki mbili. Weka daftari na kalamu pale mkono unapofika bila kunyanyuka. Ukizinduka, usigeuke, usifungue macho, usiguse simu. Baki katika ubavu uleule ulioamkia, kwa sababu kujigeuza tu kunatosha kuifukuza ndoto. Jiulize, "Nilikuwa wapi sasa hivi?" Ikija picha moja, labda ngazi yenye maji, ishike na uulize kilichotangulia: ulifikaje kwenye ngazi? Nani alikuwa nyuma? Utaivuta nyuma nyuma kama anayekunja kamba. Ndipo uandike, kwanza maneno matatu ya kushikia, kisha habari yote. Zikifika siku tano ambazo hukukosa hata ndoto moja, pitia daftari utafute kinachojirudia: shule uliyomaliza zamani, marehemu anayeongea, gari lisilo na breki. Hizo ndizo alama zako za kukushtua kwamba unaota. Usiazime za mtu mwingine.

Kisha chagua usiku ambao kesho yake huna pa kuwahi. Ukizima taa saa 4 usiku na kusinzia baada ya robo saa, tega kengele saa 9 na robo usiku, yaani baada ya saa 5 za usingizi. Toka kitandani. Kaa dakika 20 hadi 30 kwenye mwanga hafifu ukisoma daftari lako. Simu hapana: mwanga wake unaamsha, na habari zake zinaamsha zaidi. Rudi kitandani, kumbuka ndoto ya mwisho, fika pale penye alama, na hapo jione unasimama na kusema, "Naota." Sema moyoni: "Nitakapoota tena, nitakumbuka kwamba naota." Rudia picha na maneno pamoja hadi usingizi ukuchukue.

Neno la kazi hapo ni *nitakumbuka*. Ni lile lile unalotumia ukijiambia "nikipita dukani nikumbuke chumvi." Marudio hamsini bila nia yanageuka kuwa wimbo wa kubembeleza, kumi yenye nia yanatosha. Ukiona ulimi unakwenda peke yake, nyamaza, irudie ile picha, halafu anza upya.

Ujue na kiwango cha kutarajia. Katika utafiti wa Denholm Aspy wa Australia, uliochapishwa mwaka 2017, waliounganisha njia hii na vipimo vya mchana, yaani kujiuliza ukiwa macho "je, naota?" na kuhakikisha, walifanikiwa katika takriban asilimia 17 ya majaribio. Waliorudi usingizini ndani ya dakika 5 baada ya zoezi walifika takriban asilimia 46. Maana yake ni kwamba ukikesha saa nzima ukijikaza, umejiharibia. Dakika 20 zikikutosha kuzinduka, usifike 30.

Lala hadi saa 1 asubuhi ili ufidie, na usizidishe mara mbili kwa wiki. Uchovu unaoulalamikia ni ishara ya kupumzika, usiushindane nao.

SWALI: Nikigundua tu naota, naamka papo hapo. Kuna dawa?
*Wa sekunde tatu*

JIBU: Furaha ndiyo inayokuamsha. Usikimbilie kuruka. Sugua viganja vya mikono ndotoni na usikilize joto lake. Kisha gusa ukuta, angalia mkono wako, angalia sakafu. Hisia za mwili wa ndotoni zikijaa, zile za mwili ulio kitandani hazipati nafasi. Usikodolee kitu kimoja kwa muda mrefu.

Na ukiamka, usiamini haraka. Ziba pua kwa vidole viwili na jaribu kuvuta hewa. Ikipita, bado unaota, umeamka kwa uongo tu.

SWALI: Nilipoanza kuamka usiku, nimekabwa na jinamizi mara mbili: naona chumba, siwezi kusogea, kuna mtu mlangoni. Niendelee?
*Mwenye hofu*

JIBU: Pole sana. Kulegea kwa misuli kwa usingizi wa REM kumechelewa kuondoka huku akili imeshaamka, na mabaki ya ndoto yanaonekana chumbani. Hupita ndani ya sekunde kadhaa au dakika chache. Usipigane nako, pumua polepole na jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu. Kulala chali, kukosa usingizi na kulala saa zisizo na mpango huongeza.

Kwa sasa simamisha zoezi, lala kwa ubavu, na saa za kulala ziwe zilezile. Mwenye historia ya kuona au kusikia visivyokuwepo akiwa macho, na mwenye shida ya kupata usingizi, asilianze bila kumwona daktari.

Kama shabaha yako ilikuwa kuondoa ndoto mbaya inayojirudia, huhitaji kujitambua usingizini. Mchana, ukiwa macho, iandike ndoto hiyo, ibadilishe upendavyo, kisha itazame ile mpya akilini dakika 10 hadi 20 kila siku. Mtu wa mlangoni anaweza kugeuka kuwa jirani aliyekuja kurudisha ufunguo.