Kabla hujalipia ukumbi wa komunyo

Kila ikifika Aprili simu yangu huanza kupokea kadi za michango. Mtoto wa fulani anapata komunyo ya kwanza, tunaomba mchango wako, mtu mmoja elfu hamsini, wawili elfu themanini, namba ya kutuma ni hii. Sizicheki. Mwaka 2019 niliziandika mwenyewe, tena kwa herufi za dhahabu.

Alikuwa binti yangu wa kwanza, darasa la nne, shule ya msingi ya masista hapa Dodoma mjini. Tuliunda kamati, tukakodi ukumbi Area D, tukatafuta MC, muziki na keki ya ngazi tatu. Waliotoa ahadi walikuwa wengi, waliotoa hela wachache, nikaishia kukopa kwenye kikoba. Saa mbili usiku MC bado anawaita mashangazi waingie wakicheza, mwenye shughuli alikuwa ameshalala meza kuu, shela limelowa soda, kiatu kimoja hakionekani. Wakamwamsha alishe keki. Kwenye video anamlisha shangazi yake macho yamefumba. Baba yake hucheka kila tukiitazama. Mimi nilianza kucheka mwaka uliofuata, deni lilipoisha.

Mdogo wake alipata komunyo 2023, na sherehe tukaifanyia nyumbani, Nkuhungu, pamoja na jumuiya yetu ya Wakatoliki wa mtaani. Nayaandika haya nikiwa nimeonja yote mawili.

Deni peke yake lingenifanya nirudie kosa lilelile kwa bei nafuu. Kilichonigeuza ni Jumatatu iliyofuata sherehe ile ya 2019. Mwalimu wa darasa alinipigia, kwa kuwa nilikuwa mweka hazina wa kamati ya wazazi, akauliza kama najua kwa nini mvulana mmoja hajafika shule. Alikuwa analelewa na bibi yake. Bibi akasema tumbo. Baadaye tukaujua ukweli: tangu wiki iliyotangulia wenzake walikuwa wanahesabiana zawadi watakazopata, baiskeli, saa, tableti, na yeye alijua Jumatatu ataulizwa kapata nini. Kafundishwa na katekista yuleyule, kapokea Ekaristi ileile, halafu anaona aibu kurudi darasani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwa kikao cha wazazi. Liongeleeni jambo hili Februari, kabla mtu yeyote hajalipia kitu, kwa sababu mzazi aliyeshatanguliza hela ya ukumbi hashauriki. Mwaka 2023 tulikubaliana kwamba baada ya misa watoto wote wanarudi shuleni na nguo zao nyeupe, wanakata keki moja, wanakunywa soda, kila mmoja anapewa rozari na kitabu cha sala kutoka kwa wazazi wote kwa pamoja. Kila nyumba ilitoa elfu kumi na tano. Ambao hawakuweza, sista mkuu aliwajua na likaishia kwake. Baada ya hapo kila mtu na kwake, na aliyetaka ukumbi alikodi. Kuna mama alininunia karibu mwezi mzima, akidhani namzuia mwanawe asishangiliwe. Siku yenyewe watoto wakacheza kiwanjani mpaka saa tisa, na mwanawe ndiye aliyekataa kuondoka.

Nguo pia tulikubaliana humohumo kikaoni. Tulinunua kitambaa kwa jora, tukampa fundi mmoja wa Majengo, mshono mmoja. Mwambieni aache pindo refu. Viatu nunua wiki mbili kabla, usinunue Machi. Mguu wa mtoto wa miaka kumi hausubiri.

Halafu kuna kufunga kabla ya kupokea. Hapa ndipo bibi zetu wanapotuponza, Mungu awabariki. Mama yangu alifundishwa kwamba anayekwenda kupokea hatii kitu mdomoni tangu usiku wa manane, hata maji. Utaratibu huo ulianza kulegezwa mwaka 1953, na tangu 1964 Papa Paulo VI aliufanya uwe saa moja kabla ya kupokea. Ndivyo inavyosema Kanuni ya 919 ya sheria za Kanisa Katoliki mpaka leo, na maji na dawa havihesabiwi. Kwenye sherehe ya 2019 misa ilianza saa nne, ikawa na matoleo na nyimbo zake, komunyo ikafika saa sita kasoro. Binti yangu alikuwa hajala tangu chakula cha usiku kwa amri ya bibi. Yeye alijikaza, ila mtoto wa benchi la nyuma yake alianguka, akabebwa nje kupepewa. Mpe mtoto uji na kipande cha chapati saa moja asubuhi. Mama aliponiambia, "Sisi mbona tulivumilia?" nikamjibu, "Mama, ninyi mlikuwa mnasali misa ya saa kumi na mbili."

Jumamosi ya kabla ya komunyo iacheni wazi kwa ajili ya kitubio. Huyo wangu wa kwanza aliitwa kuungama saa nane akiwa bado saluni, akafika saa tisa unusu kichwa kimesukwa upande mmoja. Padri alimsubiri. Niliona haya kuliko yeye.

Sasa nije kwa wageni, kwa sababu Dodoma yetu ina mchanganyiko wake. Familia nyingi za Kigogo zina Waanglikana na Wakatoliki chini ya paa moja, na yangu ni mojawapo. Baba mkwe ni Mwanglikana wa Mvumi, mzee wa kanisa lake. Mwaka 2023 alikuja na basi, amebeba gunia la karanga, maana Juni mavuno yako ndani na mtu wa kijijini anapenda kuja na kitu mkononi. Tukamketisha benchi la pili. Ulipofika wakati wa kupokea akasimama, akajipanga kwenye mstari kama anavyojipanga kwake. Nilikuwa nimekumbuka turubai, mbuzi, barafu ya soda, hilo sikulikumbuka. Mama mmoja mhudumu akamfuata, akamnong'oneza, na mzee wa miaka sabini na kitu akageuka, akarudi peke yake akipishana na mstari mzima, kofia mkononi. Nilitamani sakafu inimeze.

Nyumbani hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniambia jana."

Basi mwambie jana yake. Mkalishe mgeni wako, mweleze kwa heshima kwamba kwa Wakatoliki wanaopokea ni wale walioandaliwa ndani ya Kanisa lao, na muulize paroko mapema kama wengine wanaweza kusogea mikono ikiwa kifuani wapewe baraka. Halafu mpe mzee nafasi ambayo ni yake kabisa. Sisi tulimwomba aombee chakula na kumbariki mjukuu. Alisali kwa Kigogo, mkono juu ya kichwa cha mtoto, akawataja mababu wote mpaka pilau likapoa. Binti yangu ukimuuliza leo kuhusu siku ile, atakusimulia hiyo sala, ingawa Kigogo chake ni cha kuokoteza.

Kwa majirani na wanafunzi wenzake Waislamu, jambo ni rahisi: mwombe jirani Mwislamu aje achinje mbuzi na kuku, watangazie watu nani kachinja, na kitimoto kisionekane siku hiyo. Watoto wa shule wanataka kula sahani moja.

Kuhusu wasimamizi, naona watu wanahangaika kutafuta mwenye gari zuri. Kanisa linawahitaji kwenye ubatizo na kipaimara. Kwenye komunyo wanaotakiwa kumwandaa mtoto ni wazazi pamoja na paroko, hayo mengine ni mazoea yetu. Ukitaka mtu wa kusimama naye, chukua yule atakayemkumbusha kwenda misa akiwa kidato cha pili. Wangu wa pili alisimama na mwenyekiti wa jumuiya, mama anayeuza mboga Sabasaba. Zawadi yake ilikuwa kuku jike, na huyo kuku ameshatotoa mara nyingi.

Mkipewa tarehe ya Juni, wakati wa Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, mkumbuke upepo wa huku. Turubai lifungwe kwa mawe na kamba za kutosha, siyo vijiti vya fundi wa maturubai. La kwetu lilinyanyuka likatua kwa jirani, meza ya keki ikabaki juani.

Mwaka huu mtoto wangu wa mwisho ameanza mafundisho. Juzi nilitoa gauni la dada yake sandukuni nikampima: mabega yamekaa sawa, na pindo lina inchi tatu za kushusha.