Kambi ni yetu sote, mafuta ni ya nani?

Juzi dada mmoja wa Mbarara, hapa hapa Uganda, kaniandikia inboksi, "kaka mbona siku hizi huposti safari, au mafuta yamekushinda?" Nikacheka, halafu nikaweka simu chini nikakaa kimya kidogo maana swali lilinigusa pale pale. Ndiyo dada, mafuta yalinishinda. Na si mafuta peke yake. Leo naandika yote, na najua wengi mnaosoma hapa ni kama mimi, mna hema ndani ya nyumba na roho yenu iko barabarani, kwa hiyo vumilieni ni ndefu.

Kwanza kwa wageni. Mimi nimekulia kambini, namaanisha kambi ya jeshi, baba alikuwa afande, ndiyo maana Kiswahili changu ni hiki mnachokisoma (na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, kwa hiyo wale waliokuwa wananicheka tutaonana mbele). Mtu aliyezaliwa kambini ukimwambia twende kambi haulizi mara mbili, anauliza tu tunaondoka saa ngapi. Sasa hilo ndilo tatizo langu, mimi huuliza saa, sikuwa nauliza bei.

Hadithi inaanza mwezi wa 2 mwaka wa 2022. Tumetoka tu kwenye ile balaa ya Januari, mnakumbuka, madereva wa malori waligoma huko Malaba na Busia, mpakani na Kenya, kwa sababu ya pesa za kupima Covid, mafuta yakakatika na mahali pengine lita ikafika shilingi 10,000 za Uganda na kupita. Ikashuka, tukapumua, mimi nikasema basi yameisha. Nikafungua grupu la WhatsApp, watu wanne, mimi, binamu yangu, na rafiki yangu wa miaka mingi pamoja na mke wake. Safari ni Kidepo, mbuga ya wanyama kule kaskazini mashariki, wikendi ya Martyrs Day, sikukuu ya mashahidi wa Uganda, maana tarehe 3 Juni iliangukia Ijumaa. Nikapiga hesabu ya mafuta kwa kujiamini kabisa. Kilomita 1,300 kwenda, kurudi na kuzunguka mbugani, gari langu Prado ya petroli 2.7 linakula lita moja kwa kilomita 10, basi lita 130, lita ni 5,000, jumla 650,000, kila mtu 162,500. Mwezi wa 3 wote wakatuma kwa mobile money. Safi.

Hapo kuna uongo na kunyamaza. Uongo ni hiyo kilomita 10. Nani aliniambia? Aliyeniuzia gari! Na mimi miaka mitatu nikawa narudia kwa watu kama vile nimepima mwenyewe. Kunyamaza ni kwamba Urusi iliingia Ukraine wiki hizo hizo za Februari, bei ya mafuta duniani ikaruka, na hapa kwetu kila wiki namba kwenye bao la kituo zikawa zinabadilika, mimi naziona kila asubuhi nikipita Kireka, najua bajeti yangu imeshakufa, na sikusema kitu kwenye grupu. Niliona aibu. Mtu mzima na gari lake anarudi kuomba watu waongeze 60,000? Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliuficha miezi mitatu mizima.

Tarehe 2 Juni saa kumi alfajiri tukatoka. Nikajaza tanki Kampala, lita 87 kwa 5,800, hapo 504,600 imekwenda na bado hatujafika hata Bombo. Njiani tunapishana na mahujaji wanatembea kwa miguu kwenda Namugongo kuwakumbuka hao mashahidi, rozari shingoni, viatu vimechakaa, wanaimba. Binamu akasema hawa ndio wenye akili, hawajui hata lita ni bei gani. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Ukivuka Luweero na Nakasongola ukafika Kafu kuna njia inakata kushoto kwenda Masindi, ukiifuata unafika Buliisa na Ziwa Albert. Pale kila mara huwa nachokozeka. Huko chini ya ardhi kuna mafuta yetu, yaligunduliwa 2006, wanasema mapipa bilioni 1.4 yanaweza kutolewa, na Februari mosi 2022 wakubwa walisaini pale Kampala kwamba sasa kazi inaanza na bomba la kilomita 1,443 litakwenda mpaka Tanga. Vizuri. Lakini mimi leo hii nachoma petroli iliyopanda meli ikashuka Mombasa, ikapita Kenya yote, ikapanda lori, ikapanga foleni mpakani. Kila mtu kwenye huo mstari lazima ale, na serikali yangu nayo mwaka huo wa 2022 ilikuwa inachukua shilingi 1,450 za ushuru kwa kila lita. Nilivyorudi nyumbani nikapiga hesabu, katika mafuta ya safari hiyo moja nimelipa ushuru zaidi ya 240,000. Siku ya wafanyakazi mwaka huo rais alituambia kama mkate hakuna tule muhogo, sawa mzee, muhogo tutakula, ila Prado haili muhogo.

Tuendelee. Gulu tulifika mshale wa mafuta uko chini ya nusu, kilomita kama 335 tu! Hapo ndipo nikajua gari haliendi kilomita kumi kwa lita, linaenda saba na nusu. Kwa nini? Juu nimefunga keria na hema mbili, viti, majerikeni ya maji, sigiri, gunia la makaa, na yule shemeji alibeba sanduku kama anahamia Kitgum. Upepo unapiga ule mzigo wa juu, injini inasukuma, na mimi nataka kuwaonyesha watu gari kwa hiyo nakwenda 120. Nikaweka lita 20 kwa 6,100, nikajifanya naweka kidogo kwa sababu "Kitgum ni bei nafuu". Kitgum bei nafuu tangu lini, banange? Ukitoka Kampala bei inapanda na wewe, lori lililoleta hayo mafuta nalo limekula mafuta.

Kitgum tukakuta vituo viwili havina petroli, cha tatu foleni ya boda mpaka barabarani. Nikasema twende tu, tutarudi. Sitawaelezea barabara ya Orom mpaka Karenga, ni vumbi na mawe na uzuri mtupu.

Kidepo yenyewe niseme nini. Jioni tumefunga hema, bonde la Narus liko chini yetu, nyati kama mchanga, milima ya Sudan Kusini kule mbali inageuka buluu. Kwa dakika kama 40 hivi nilisahau pesa. Halafu rafiki yangu akaja na chai akasema kesho tuanze mapema, tuzunguke Narus, halafu twende Kanangorok kwenye maji ya moto. Nikamwambia Kanangorok hatuendi. Kwa nini? Nikasema barabara mbaya. Mwenzangu si mtoto, akaenda akafungua mlango akaangalia mshale.

Asubuhi tulizunguka kilomita 60 tu, gia ndogo, gari linakunywa kama ngamia. Simba hatukuona. Nyayo tuliona. Mke wa rafiki yangu hakuongea mpaka mchana.

Kurudi ilibidi ninunue lita 10 Karenga, kwenye chupa za plastiki za maji, 8,000 kila lita, rangi yake sikuipenda lakini ungefanyaje. Baada ya nusu saa injini ikaanza kukohoa, tukaenda hivyo hivyo inakohoa mpaka Kitgum, ambako sasa petroli ilikuwa imefika. Nikajaza na hapo nikaona niseme ukweli, nikawaambia jamani pesa ya mafuta imeisha, kuna upungufu, naomba tugawane. Rafiki yangu akaniangalia akasema, mbele ya yule kijana wa pampu, "Gari ni lako, mafuta ni yako, sisi tulilipa ulichosema." Gulu wakashuka wakapanda basi. Yeye, mke wake na lile sanduku. Kabla hatujafika Karuma simu ikaonyesha ametoka kwenye grupu.

Jumla nilichoma lita 166, pesa milioni 1 na elfu 10. Mchango ulikuwa 650,000. Zile 360,000 nilizibeba peke yangu na mpaka leo kuna mkopo kidogo unanidai. Lakini niwaambie kweli haikuniuma pesa, iliniuma "ni lako". Huyu mtu harusi yake mimi ndiye niliendesha gari la bibi harusi, bure, siku mbili, na tanki nilijaza mimi.

Sasa ushauri, maana najua ndiyo mnataka. Wa kwanza na ndio mkubwa: msichange shilingi, changeni lita. Nasema tena, LITA. Mkikaa kupanga semeni safari hii ni lita 160, tuko wanne, kila mtu ana lita 40 zake, bei tutaiona siku ya kuondoka. Bei ikipanda imempandia kila mtu, ikishuka kila mtu anacheka, na mwenye gari habaki amebeba vita vya Ulaya kichwani mwake peke yake.

Wa pili pima gari lako mwenyewe. Jaza tanki mpaka bastola ya pampu ikate, andika kilomita, tembea siku zako, jaza tena pale pale, gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Darasa la tano tu hilo. Na upime likiwa na mzigo, maana gari tupu linaloenda kazini Bweyogerere si lile gari lenye hema mbili juu. Mimi nilipotoa keria na kushusha mwendo mpaka 80 nilirudi karibu kilomita 9 kwa lita, gari lile lile. Angalia na upepo wa matairi, ni bure.

Wa tatu jaza mjini kabla hujaingia porini, usisubiri "huko mbele". Jerikeni ukibeba iwe ya chuma na ifungwe nje, usiweke ndani mnapolala na kuvuta pumzi, na zile za chupa za maji nimeshawaambia.

Wa nne ni mgumu kwa sisi tunaopenda picha. Kidepo haitahama. Wikendi ya Idi, Julai 2022, nilichukua binamu yangu na vijana wawili wa mtaani tukaenda msitu wa Mabira, Griffin Falls, unafika Lugazi unakata ndani kwenye mashamba ya miwa, kama kilomita 10 hivi umefika. Kwenda na kurudi kilomita 110. Lita 14! Watu wanne, kila mmoja lita tatu na nusu, bei ya siku hiyo 6,300. Tulilala msituni, maporomoko yanasikika usiku kucha, asubuhi nyani wanatuibia mkate, gonja na mahindi tulichoma kwenye sigiri. Hakuna simba, lakini Kidepo nako sikuona simba na nililipa milioni. Nyinyi mnaosema kambi bila masaa 10 barabarani si kambi, mnapenda barabara au mnapenda kambi? Jijibuni. Vijana wa siku hizi tunaendesha safari kwa ajili ya status, tunakopa ili tupige picha ya machweo, halafu Jumatatu tunapanda boda kwa mkopo. Acheni. Ongeeni pesa mapema, ongeeni mbele ya wote, hata kama sauti inatetemeka. Mimi ningesema mwezi wa 4 "jamani bei imepanda" labda mmoja angejitoa, na angejitoa akiwa bado rafiki yangu.

Dada wa Mbarara, kwa hiyo bado nasafiri. Kwa upande wako kuna Ziwa Mburo hapo karibu, anza na hilo, na ukipata watatu wa kuchanga lita niandikie tena tupige hesabu.

Na nilipoweka picha za Mabira kwenye status, nani aliziangalia zote, moja moja mpaka ya mwisho? Yeye, yule rafiki yangu aliyeshuka Gulu. Jana usiku akaandika, "Mambo. Next ni lini?" bila salamu nyingine, bila habari ya Kitgum. Nikakaa na simu mkononi muda mrefu. Nikamjibu: "Mwezi ujao Mabira tena. Lita nne."

Tiki zimegeuka buluu. Bado hajajibu.