Taa ya betri imewaka baada ya kuvuka maji

SWALI: Nilivuka kwa gari maji ya mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, yakiwa usawa wa bampa. Mkanda wa injini ulilia, taa ya betri kwenye dashibodi ikawaka, kisha ikazima. Kesho yake ikawaka tena na sasa haizimi. Fundi anasema altaneta, ile jenereta inayochaji betri, imekufa, ninunue nyingine. Je, ni kweli?
Msomaji, Magomeni

JIBU: Usinunue bado. Siku ya kwanza mkanda uliteleza kwa kuloa; ulipokauka, taa ikazima. Hii ya sasa inaelekea kuwa tope. Maji ya mafuriko yakikauka ndani ya altaneta huacha tope laini kwenye brashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme) na zile ringi mbili za rota, sehemu inayozunguka ndani. Brashi hukwama kwenye nyumba yake, haigusi ringi, rota haipati umeme.

Pima betri kwanza kwa mita ya volti. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma kama volti 12.6. Ukiwasha isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, haichaji. Asitokee fundi wa kuchomoa waya wa betri injini ikiunguruma eti anajaribu altaneta: volti hupanda ghafla na kuunguza dayodi (zinazogeuza umeme wa altaneta uweze kuchaji betri), katauti (kidhibiti cha volti), hata kompyuta ya gari. Akianza hivyo, funga boneti uondoke.

Kabla ya kufungua chochote, kagua fyuzi ya kuchaji na plagi ya nyuma ya altaneta. Ukiona kutu ya kijani, safisha. Wakati mwingine tatizo huishia hapo.

Kama bado, toa waya wa hasi wa betri, shusha altaneta, mpe fundi rewaya (fundi umeme wa magari) aifungue. Asuuze tope kwa maji safi yasiyo na presha, apulize kwa kompresa, akaushe kabisa, asugue ringi kwa msasa laini. Brashi zikiwa zimebaki fupi, weka mpya. Ni za bei ndogo. Dayodi azipime moja moja. Beringi badilisha zote mbili hata kama hazilii: maji yakishaingia, grisi huharibika na kelele huja wiki kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau mafuriko.

SWALI: Naweza kuendesha hivyo hivyo hadi gereji?

JIBU: Mchana, ukizima AC na redio, safari fupi inawezekana kwa umeme wa betri peke yake. Usizime injini njiani, huenda isiwake tena. Usiku usijaribu, taa kubwa humaliza betri haraka.