Kabla ya kufunga seva ya kunakili data, uliza mawasiliano yakikatika itakuwaje

Ofisi nyingi hapa Dar zimefikia hatua moja. Mfumo mkuu wa biashara umeelemewa: wahasibu wanatoa ankara humo, ghala linapokea mzigo humo, na mkurugenzi naye anataka ripoti ya mauzo ya nchi nzima saa nne asubuhi, wakati madirisha ya keshia yana foleni. Ripoti moja nzito inatosha kuwafanya wote wasubiri. Ndipo linapokuja pendekezo la kufunga seva ya kunakili data: kila badiliko linalofanyika kwenye mfumo mkuu linakiliwe muda huohuo kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya data, ya pembeni, na ripoti zote zihamie huko.

Ni pendekezo zuri. Nimelifanyia kazi kwa wateja wa Posta, Chang'ombe na Barabara ya Nyerere, na ninaliamini. Ila karibu kila kikao cha kwanza nilichokaa kimeanza na ukubwa wa seva: tununue memori kiasi gani, diski ngapi, leseni ya nani. Ningeomba kianze na swali lingine. Mawasiliano kati ya mfumo mkuu na nakala yakikatika, mfumo mkuu utavumilia saa ngapi kabla haujaanza kuumia?

Anayenunua simtanki la nyumbani hapa mjini hapimi kwa siku ambazo maji yanatoka, anapima kwa siku yatakapokatika. Seva hii nayo ipimwe hivyohivyo.

Wengi wanadhani nakala ikizimika, kinachokosekana ni ripoti tu. Sivyo, na sababu iko kwenye namna mabadiliko yanavyokamatwa. Njia zipo mbili kuu.

Ya kwanza ni ya triga, yaani amri ndogo ndani ya kanzidata inayojiendesha yenyewe kila rekodi inapobadilika. Ndiyo msingi wa programu ya SAP LT Replication Server. Kwenye kila jedwali ulilochagua huwekwa triga, na pembeni yake jedwali dogo la kumbukumbu. Mhasibu akibadilisha ankara, triga inaandika ufunguo wa rekodi ile, yaani alama inayoitambulisha, kwenye jedwali la kumbukumbu. Seva ya kunakili inapita, inasoma ufunguo, inakwenda kuchukua rekodi yenyewe, inaipeleka upande wa pili, kisha inafuta alama yake. Sasa zima seva ya kunakili. Triga haijui kwamba upande wa pili hakuna mtu, kwa hiyo inaendelea kuandika na jedwali la kumbukumbu linazidi kunenepa. Nafasi ikiisha, triga inashindwa kuandika, na kwa kuwa inafanya kazi ndani ya muamala uleule wa mhasibu, muamala wake nao unakataliwa. Yaani seva ya ripoti imezimika, na anayeshindwa kutoa ankara ni mtu wa mauzo.

Njia ya pili ni kusoma logi za kanzidata yenyewe, yaani faili ambamo kanzidata huandika kila badiliko, kama inavyofanya Oracle GoldenGate au replikesheni (unakili) ya kimantiki ya kanzidata ya PostgreSQL. Hii haiongezi mzigo mkubwa kwenye kila muamala, ndiyo maana mimi huipendelea pale inapowezekana. Lakini nayo ina deni lake. Kwenye PostgreSQL, msomaji wa logi hutengewa nafasi yake, na kanzidata inaapa kutofuta logi yoyote ambayo msomaji huyo hajaipitia. Msomaji akipotea, logi zinarundikana mpaka diski inajaa na kanzidata nzima inasimama. Toleo la 13, lililotoka 2020, lilileta kikomo cha logi za kumtunzia msomaji, kinachoitwa max_slot_wal_keep_size, ila thamani yake ya kuanzia ni -1, maana yake hakuna ukomo. Usipokiweka mwenyewe, hakipo. Ukikiweka na kikavukwa, mfumo mkuu unapona lakini nakala inabidi ianzwe upya. Kanzidata ya MySQL 8.0 inakwenda kinyume chake: logi hufutwa zikifikisha siku 30 kama hujabadilisha mpangilio, msomaji awe amezipitia au hajazipitia. Kwa hiyo mpango wako lazima useme waziwazi: tukibanwa, tunatoa kafara nini? Mimi nasema nakala ndiyo itolewe, daima. Mwenye mfumo asaini chini ya sentensi hiyo kabla hamjagusa kitu.

Baada ya hapo fanya hesabu, na hapa usikubali makadirio ya mdomo. Mwombe msimamizi wa kanzidata akupimie logi zinazozalishwa kwa saa kwenye siku ya kawaida na kwenye siku ya mwisho wa mwezi. Tuseme ni gigabaiti 2 kwa saa. Mawasiliano yakikatika saa 12, umelimbikiza gigabaiti 24. Yakirudi, laini ya megabiti 20 kwa sekunde inabeba takriban gigabaiti 9 kwa saa ikiwa yote ni yako, lakini mabadiliko mapya nayo yanaendelea kuja kwa gigabaiti 2. Unabaki na 7 za kulipia deni, yaani karibu saa tatu na nusu kulimaliza. Sasa chukulia laini hiyo inatumika pia na barua pepe na kamera za getini, na wewe unapata nusu tu: 4.5 kasoro 2 ni 2.5, na deni lilelile linahitaji karibu saa kumi. Laini ni ileile. Tofauti ya hali hizo mbili ni saa sita hivi, karibu siku nzima ya kazi.

Fanya na hesabu ya mzigo wa kwanza, maana ndiyo inayosahaulika. Kabla ya kufuata mabadiliko, seva inapaswa kunakili kila kilichopo. Gigabaiti 600 kwenye laini hiyohiyo ya megabiti 20 zinachukua takriban saa 67, bila kusimama hata dakika moja. Muda wote huo mabadiliko mapya yanaandikwa na kusubiri, na kwa kasi yetu ya gigabaiti 2 kwa saa, mfumo mkuu utakuwa umebeba logi za gigabaiti 134 kabla hujamaliza. Diski nyingi zinajaa hapa, katika siku za kwanza, wakati kila mtu anasubiri kupongezwa. Dawa yake ni kutopitisha mzigo wa kwanza kwenye laini ya mbali. Nakili ndani ya jengo, au beba bekapu kwenye diski uipakie upande wa pili, kisha ufuate mabadiliko kuanzia alama ya logi ya bekapu hiyo, kama zana yako inaruhusu. Foleni ya Ubungo na diski mkononi bado ni haraka kuliko saa 67.

Netiweki ya Dar ina mambo yake. Ukiambiwa una laini mbili kutoka kampuni mbili, omba kuonyeshwa faiba zinapita wapi. Nimekuta laini mbili za kampuni tofauti zikiingia jengoni kwenye bomba moja, na kijiko cha mkandarasi wa barabara kikipita hapo hakichagui ya nani. Na kama nakala yako iko nje ya nchi, kumbuka 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti kuyumba nchi nzima. Hiyo si sababu ya kukataa huduma za nje, ila saa ulizojaza kwenye mpango wako zitoke kwenye matukio ya namna hiyo, zisitoke kwenye kipeperushi cha muuzaji. Umeme nao: hakikisha jenereta inalisha kiyoyozi cha chumba cha seva na si seva peke yake. Kwa joto letu la Februari, chumba kidogo chenye mitambo inayofanya kazi bila kiyoyozi hakichelewi kuzima kila kitu.

Kuhusu mahali pa kufunga programu ya kunakili, iwe kwenye mfumo mkuu wenyewe au kwenye seva yake, nitasema kwa kifupi: ipe seva yake. Ukihitaji kuisasisha au kuiwasha upya, hutahitaji kibali cha kuzima ankara. Na kabla ya kununua chochote soma orodha ya matoleo yanayoendana, ya mfumo mkuu, ya kanzidata na ya programu ya kunakili, yote matatu kwa pamoja.

Kuchagua majedwali ni kazi ya watu wa biashara, si ya fundi peke yake. Anayetaka ripoti aseme ripoti gani, na fundi afuatilie mpaka kwenye jedwali. Jibu la "nakili yote" likatae kwa upole, maana kila jedwali unaloongeza linaongeza ile hesabu ya juu. Kagua pia kama kila jedwali lina ufunguo mkuu. Kwenye PostgreSQL, ukiliingiza kwenye replikesheni jedwali lisilo na ufunguo wala utambulisho mbadala wa rekodi, kuongeza rekodi kutaendelea, lakini kubadilisha na kufuta kutakataliwa, na kutakataliwa kwenye mfumo mkuu. Mtu wa ghala anajaribu kusahihisha idadi ya katoni, anapata kosa jekundu, na hakuna anayewaza kwamba chanzo ni seva ya ripoti. Ukaguzi huo ufanyike wiki za mwanzo, kwenye mfumo wa majaribio.

Safu (kolamu) za taarifa za watu ziache kama ripoti haizihitaji. Namba ya kitambulisho cha taifa ya mteja, simu yake, mshahara wa mfanyakazi: kila nakala mpya ni mahali papya pa kulinda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ina masharti yake ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi, kwa hiyo mwanasheria wa kampuni aione orodha ya safu kabla haijafungwa.

Jambo dogo lililonipa kazi kubwa ni saa. Niliitwa na kampuni moja yenye vituo vya mafuta vinavyofanya kazi usiku kucha, kuangalia ripoti zisizolingana. Mhasibu mkuu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alinigeuzia skrini.

"Mwanangu, hizi lita za usiku wa kuamkia tarehe moja zimekwenda wapi?"

"Zipo mama, ila zimeandikwa mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita nimeshaufunga."

Seva ya nakala ilikuwa imewekwa kwa saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Mafuta yaliyouzwa saa saba usiku tarehe 1 yalisomeka saa nne usiku ya tarehe 31. Kila kilichouzwa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kilirudi nyuma siku moja, na mwisho wa mwezi kikarudi nyuma mwezi mzima. Kwa duka linalofungwa saa mbili usiku usingeliona tatizo hili milele. Andika kwenye mpango saa ya kila seva, na jaribu kwa muamala wa saa saba usiku, si wa mchana.

Mtu akikwambia sasa tuna nakala, tuache bekapu, mzuie. Rekodi zikifutwa kimakosa kwenye mfumo mkuu, seva hii itazifuta upande wa pili kwa uaminifu uleule, pengine ndani ya sekunde chache. Bekapu ziendelee, na ratiba ya kufuta logi za zamani ikubaliane na kasi ya msomaji, la sivyo bekapu itafuta logi ambazo hazijasomwa.

Kabla ya kukabidhi, katisha mawasiliano kwa makusudi, mchana, mwenye mfumo akiwa amekaa pembeni yako. Chomoa waya wa netiweki wa seva ya kunakili, uache saa mbili, mwangalie pamoja logi zinavyokua na diski inavyopungua. Rudisha, pima deni linalipwa kwa muda gani, linganisha na hesabu yenu ya karatasi. Zikitofautiana sana, amini kipimo ulichokiona. Siku hiyohiyo hakikisha ujumbe wa onyo umeingia kwenye simu ya mtu aliye zamu, na kwamba mtu huyo ana ruhusa ya kuitoa kafara nakala bila kumwamsha mkurugenzi. Onyo liwekwe diski ikifika nusu ya nafasi mliyotenga, si ikikaribia kujaa, maana aliye zamu anaweza kuwa anaishi Kibaha au Chanika na hawezi kufika ndani ya nusu saa.

Tarehe ya kuanza ipangwe kwa kalenda ya wahasibu. Mwisho wa mwezi hapana. Siku za kuelekea tarehe 7, wanapowasilisha kodi ya mishahara TRA, hapana. Kuelekea tarehe 20, siku ya ritani za VAT, hapana. Mimi huomba Ijumaa jioni ya kwanza baada ya tarehe 20, mzigo wa kwanza uende wikiendi nzima, Jumatatu asubuhi nikae na mhasibu tulinganishe jumla za majedwali matatu au manne makubwa, mfumo mkuu upande huu na nakala upande ule. Ripoti za zamani ziendelee kutoka mfumo mkuu mpaka mwezi mmoja ufungwe kwa kutumia pande zote mbili na namba zikubaliane. Ndipo uzizime.