Ukiuguza mbali na kwenu: namna ya kupokea msaada wa usiyemjua

Mgonjwa akipewa rufaa kutoka Newala au Nachingwea kwenda hospitali za Ligula, Ndanda, Nyangao au ile ya kanda pale Mitengo, Mtwara, anayemsindikiza huondoka mbiombio. Hubeba kadi, kanga mbili na nauli ya kwenda. Baada ya siku chache nauli ya kurudi imeshaishia kwenye dawa, na hapo ndipo muuguzaji wa kitanda cha pili, mtu asiyekujua wala usiyemjua, anakuuliza: "Umekula?" Wengi hujibu "nimeshiba, ahsante" huku tumbo linaunguruma. Ni adabu, lakini ni adabu inayomnyima mwenzako nafasi ya kukusaidia, na mgonjwa naye anabaki na muuguzaji asiye na nguvu.

Mtu akiuliza unahitaji nini, taja kitu kimoja chenye jina. "Chochote tu" humchanganya, na "sihitaji kitu" humfukuza. Sema: "Mama, nina shida ya ndoo ya kufulia," au "Kaka, nikalie na mgonjwa nusu saa nikaoge." Wodini vinavyokosekana mara nyingi ni beseni, chupa ya chai, sabuni ya mche, kanga za kubadilisha na mtu wa kulinda nafasi kwenye foleni ya dawa. Vyote hivyo jirani anaweza kukuazima bila kuumia.

Chakula anacholetewa mgonjwa kina masharti. Uji wenye sukari nyingi haumfai mwenye kisukari, na mboga ya chumvi nyingi haimfai mwenye presha. Anayesubiri upasuaji huachishwa chakula kizito angalau saa sita kabla, na wodi nyingi husema tangu saa sita usiku. Sababu ni kwamba akipigwa nusu kaputi tumbo likiwa na kitu, chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kijiko kimoja cha huruma kinaweza kuahirisha upasuaji. Kwa hiyo pokea bakuli kwa mikono miwili, useme: "Ahsante mama, ngoja nimuulize nesi kwanza. Mimi nakula sasa hivi." Hapo hujamkataa mtu na mgonjwa yuko salama. Chombo kioshe, kirudi siku ileile. Najua huku kwetu kurudisha chombo kitupu ni aibu, lakini wodini hakuna anayekuhesabia hilo. Kikichelewa, bandika kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, maana mabakuli yote ya plastiki yanafanana na ugomvi wa bakuli umeshaharibu ujirani mwema mwingi.

Kwenye damu ndiko watu hupoteza msaada mkubwa bila kujua. Ndugu wameombwa walete wachangiaji, anatokea kijana wa bodaboda au mwanafunzi aliyekuja kumwona mtu mwingine, anasema yuko tayari. Anaulizwa grupu lake, halilingani, anaambiwa aende zake. Usifanye hivyo. Damu atakayotoa si lazima iingie kwa mgonjwa wako. Inapimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, inaingia benki, na mgonjwa wako anapewa inayolingana naye kutoka humo. Mchangiaji wa grupu lolote anafaa, mradi awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wingi wa damu wa kutosha, na iwe imepita miezi 3 tangu achangie mara ya mwisho kama ni mwanamume, au 4 kama ni mwanamke. Mjamzito na anayenyonyesha hawachangii. Aende akiwa amekula na kunywa maji. Huchukuliwa chini kidogo ya nusu lita, na akimaliza mkalishe kwanza apumzike, kwa sababu wanaoanguka ni wale wanaosimama haraka. Mnunulie soda na maandazi, huo ni utu. Ila damu haiuzwi, na anayekunong'oneza koridoni kwamba ana damu ya bei fulani mripoti maabara.

Fedha nayo ipokee kwa macho mawili. Mtu akitaka kukulipia, nenda naye mpaka dirishani, au mpe kontroo namba ya bili yenyewe alipie kwenye simu yake. Risiti ibaki kwako. Anayesema "nipe hela zako nikakusaidie kulipa" mshukuru na ukae na hela zako. Ukipigiwa simu na mtu anayedai amekosea kukutumia, usimrudishie kwa mkono wako. Angalia salio, kisha piga huduma kwa wateja namba 100. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040. Namba ya siri haipewi msamaria yeyote, hata kama ndiye aliyekulisha jana.

Mkianzisha mchango wa WhatsApp, tajeni hospitali, kiasi kinachotakiwa na jina litakalotokea kwenye muamala. Ugonjwa wenyewe na picha ya mgonjwa kitandani viacheni. Ni mwili wake, na picha ikishasambaa hairudi. Kiasi kikitimia, tangazeni siku hiyohiyo.

Wapo watakaokupa pa kulala. Kabla ya kulaza mkeka, nenda na mwenyeji kwa mjumbe mjitambulishe, ukiwa na kitambulisho cha NIDA au kadi ya mpiga kura. Hiyo inamlinda yeye kuliko wewe. Mwambie utakaa siku ngapi. Zikizidi, omba upya badala ya kunyamaza. Asubuhi chota maji, fagia uwanja, halafu ndiyo uende wodini.

Na akitokea mtani, atakusaidia huku anakutukana. Atasema mgonjwa wako anadeka, atakudai kuku. Cheka naye. Kwa aliyekaa na hofu usiku kucha, kicheko hicho ni msaada.

Usisahau ofisi ya ustawi wa jamii. Mara nyingi fadhila kubwa ya mgeni ni kukuonyesha mlango huo tu. Mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito, na mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo wana haki ya msamaha katika hospitali za serikali. Barua ya mtendaji wa kijiji hurahisisha mambo.

Nunua daftari dogo siku ya kwanza. Andika tarehe, jina, alichotoa, namba yake au kijiji chake. "Mama Fulani, kitanda cha 7, chai asubuhi" inatosha. Kichwa cha muuguzaji hakishiki kitu, na ndugu wakija baadaye kuuliza hela zilivyotumika, daftari litajibu.

Mkiruhusiwa, ndoo na beseni mlivyonunua waachieni waliofika jana. Nyumbani piga simu kwanza, hata ya dakika moja, kutoa habari za mgonjwa. Wengi hukaa wakijiuliza kama alipona. Zawadi isubiri msimu. Korosho zikishabanguliwa, funga kilo moja kwenye mfuko mgumu, andika jina na namba ya mpokeaji pande zote mbili, kabidhi ofisi ya basi uchukue risiti, kisha mtumie namba ya basi na saa litakayofika.